Kijiko Hakijai

Newala maji tunanunua.
Dumu lina bei, na bei ina msimu,
na ikifika Oktoba bomba linakohoa upepo
hadi mtoto hulifunga bila kuambiwa.
Sasa mimi, Walbuga, karani wa ghala la korosho,
nimekosea wapi hata chombo changu kijae maji?

Ilikuwa asubuhi ya Julai.
Ukungu umelala mpaka kwenye ngazi za kanisa,
vidole vimekufa ganzi,
tunamzika Mzee Nammumba, mpima mizani asiyeiba hata gramu.
Tarumbeta mbili, ngoma, tuba iliyozibwa kwa gundi,
na klarineti moja, yangu,
baridi kama panga lililolala nje.
Pumzi yangu ya moto ikaingia mle ndani,
ikakutana na mti wa baridi,
ikageuka.
Ubeti wa kwanza safi.
Ubeti wa pili, palepale sauti inapopanda
na watu hushika vifua,
noti ikaguguma,
gulugulu, gulugulu,
kama kata inayozamishwa mtungini.

Mjane akainua uso: "Hata chombo kinamlilia."
Wanawake wakapokea kwa kilio.
Nyuma yangu fundi Otmari, mdomo sikioni pangu:
"Si kilio. Tundu la pembeni limekunywa.
Kaa kimya, kausha, rudi ubeti wa nne."

Jioni akanifunza, nyuma ya mashine yake ya kusaga,
unga umemfika kwenye kope.
Karatasi ya sigara (yeye havuti,
hununua karatasi tu, na mwenye duka humtazama vibaya)
akaichomeka chini ya kifuniko, akabonyeza, akangoja,
akaichomoa ina doa.
"Umemwona? Huwa anajificha hapa."
Anayasema maji kama mtu, kama mdeni wake.
Kisha kitambaa: kipande cha kanga iliyochoka,
maandishi yake yamebaki HAJUI KESHO,
nani hajui, kimekwenda na mkasi.
Uzi, na nati ya baiskeli mwishoni iwe uzito.
Idondoshe juu itokee chini, uvute taratibu,
usivute kama unang'oa muhogo.
Nikaungama: zamani niliianika juani,
kwenye mkeka, pamoja na makopa.
Otmari hakunijibu. Alikitia kidole kwenye bomba
akakizungusha, akitafuta ufa,
kama nesi anayetafuta mshipa wa mtoto.

Mpingo huu, anasema, ulikatwa upande wa Liwale,
au Nachingwea, hana hati.
Ulikwenda ng'ambo gogo,
ukarudi na vifungo vya fedha
katika sanduku la msaada linalonuka dawa ya nondo.
Mti uliosimama miaka na miaka penye udongo mgumu,
ukinywa masika na kunyamaza kiangazi kizima,
leo unanyweshwa kila Jumapili na mapafu yangu
wala haukuzoea kukataa.
Unavimba tu, kwa adabu.
Naogopa siku utakaposema basi.

Nimerudi nyumbani, nakamua kitambaa mlangoni,
mama akanikuta.
Mama aliyekuwa akiteremka Shimo la Mungu usiku wa manane,
ndoo kichwani, mimi mgongoni,
akipanda na alfajiri,
na kila jiwe la utelezi likidai ushuru wake.
"Hayo maji umeyatoa wapi?"
Kwangu, mama. Ni pumzi.
Akatazama kidole changu, tone moja limening'inia.
"Kiasi gani?"
Kijiko hakijai.
Akafikiri.
Kwa mguu akasogeza kopo la maziwa
lenye mche wa mrehani, majani matano, moja limeliwa.
"Usimwage chini, basi," akasema.
"Mwaga hapa."