Tabaka la Juu

Walikuja Uvinza watu wa chuo, na kamba, na mwiko mdogo
kama wa kusakafia kaburi la mtoto.
Walitaka vigae: vyungu vya watu waliochemsha chumvi
kabla hajawako wa kuhesabu karne.
Tukapiga mambo, mita mbili kwa mbili,
palepale tuta la reli ya chumvi linapokata kona kuelekea Ruchugi.

Mimi niliajiriwa kuchekecha.

Kokoto kwanza. Nyeusi, za kupondwa, si za mtoni.
Kisha masizi. Kisha msumari wa reli,
kichwa kimelalia upande kama kofia ya mlevi,
kisha mwingine.
Binti mwenye daftari akachungulia, akasema:
"Mwaga tu. Tabaka la juu limevurugwa."

Limevurugwa.
Ni kweli, dada, na waliolivuruga nawajua.

Alilivuruga baba, Ntilampa, gengi namba nne,
aliyeinama juani akisikiliza chuma kwa sikio
kama mkunga na tumbo.
Alilivuruga Gwimo, nyapara, aliyehesabu mataruma kwa Kiha
ili bwana mkaguzi asijue ni mangapi yameoza.
Walilivuruga wanawake wa kushona magunia,
waliodandia toroli tupu jioni
vidole vimepasuka, wakicheka kitu
ambacho sisi watoto hatukuambiwa.

Chumvi ndiyo iliyoila reli.
Kila gunia lilivuja punje, kila punje ikaweka jino.
Malori yalipokuja, hakuna aliyetangaza lolote.
Baba alikaza nati miezi mitano bila treni
kwa sababu mshahara haukuja,
na mshahara kutokuja halikuwa jambo geni.

Halafu ikaja mizani ya vyuma chakavu.
Taruma moja ni daraja la mtaro kwa kina Nyabakari.
Kipande kimoja kinagongwa shuleni saa mbili kasoro.
Wengine husema baba aliuza pingili tatu, usiku.
Sijui.
Bati la jiko letu lilipatikana mwaka uleule.

Siku ya saba, kifuani kwangu shimo, wakapata kigae.
Wote wakapiga magoti. Picha, rula, picha.
Kwenye ukingo palikuwa na alama za ukucha,
zimebanwa udongo ungali mbichi,
na ukucha mmoja ulikuwa na pengo.
Chungu chenyewe kilivunjwa kikatupwa jivuni
na mtu aliyekuwa na haraka ya kurudi motoni.

Jioni nikapanda chungu ya udongo tuliomwaga.
Nikaokota misumari thelathini na mmoja.
Binti akaniona. Hakunicheka.
Akanipa mfuko wa plastiki na kalamu ya wino mzito:
"Tuandike nini?"

Andika Ntilampa, nikamwambia. Gengi namba nne.

Akafikiri kidogo.
Akaandika: *chuma*.