Nuktamkato

Bi. Nyevu hasahihishi kwa wino mwekundu.
Ana biki ya kijani. Damu, asema,
tuwaachie wauza nyama wa Marikiti.

Barua yangu ya madai, ya Kiingereza,
imelala mezani, Shimanzi, saa kumi na moja jioni,
feni ikiipapasa pembe:
kreni haikukaguliwa, koma, baba alianguka.

"Hapa umekata," asema, "hukuunga.
Jina lake lenyewe mkato.
Wawezaje kuunga kwa kisu?"

Najitetea. Kwetu, namwambia,
niliamka nikaosha uso nikamfunga baba bandeji nikaja kazini,
na hakuna aliyeniuliza msumari uko wapi.
Ile "ka" hutembea na kamba yake kiunoni;
kila tendo lashika shati la lililotangulia,
kama watoto wa chekechea wakivuka barabara pale Saba Saba.

"Wenzetu hawana ka.
Kwao kila kishazi kina kiima chake, kitenzi chake,
ufunguo wake wa mlango.
Koma ni pazia, mwanangu;
hushikizi nyumba mbili kwa pazia.
Weka nukta, kila mtu alale kwake.
Au weka koma, na kiungo kifuate.
Chagua. Na? Lakini? Kwa hivyo?"

Hapo nikakwama.
"Na", kana kwamba ni mambo mawili
yaliyokutana tu sokoni.
"Kwa hivyo", wakili Mwakio alishatukataza:
hatuna karatasi, hatuna shahidi,
aliyekuwa zamu siku ile kahamishiwa Naivasha.
Nikajaribu nukta.
Baba akaanguka peke yake kwenye mstari,
kama mlevi.

Biki ikatua. Nukta juu, koma chini.
"Hii haidai kitu," asema taratibu.
"Yaweka jambo kando ya jambo,
yafunga mdomo,
yamwachia msomaji aibu ya kumalizia."

Nikaichapa upya.
Kreni haikukaguliwa; baba alianguka.

Usiku, Chaani, baba akaomba asomewe.
Kiingereza hakijui, nikamfasiria,
na nilipofika pale nikanyamaza kidogo,
si kwa urefu wa nukta.

Akalitazama goti lake.
"Hapo katikati," akauliza,
"umeandika n'ni?"