Kibuyu cha Oyat

Nyeko amepanga chumba nyuma ya kinu cha kusaga, Cereleno:
mlango wa bati, godoro, kompyuta iliyokosa kifuniko
na feni inayoipepea kompyuta, si yeye.
Mchana kinu kinanguruma, unga unaingia mpaka kwenye vitufe.
Kwa hiyo ngoma huzipika usiku,
saa zile zile ninazokaanga mihogo ya walevi barabarani.

Zamani arusi ya Gulu ilitaka watu arobaini,
lori la kuwaleta, mbuzi wa kuwashibisha,
pombe ya kuwabembeleza wasiondoke kabla ya alfajiri.
Nani ana watu arobaini sasa?
Wengine hawakurudi kutoka msituni.
Wengine wamerudi, ila hawataki kushikwa mkono.
Basi Nyeko huwatia wote arobaini ndani ya flashi
ndogo kuliko kidole gumba changu,
na bwana arusi analipa nusu, nusu anakopa.

Juzi alinunua mihogo ya elfu moja, akasimama tu.
Dada Aciro, ile kaseti bado unayo?

Ninayo.
Oyat aliirekodi mwenyewe kambini, redio ya betri nne,
kibuyu kilichopasuliwa nusu,
spoki tatu alizozing'oa kwenye baiskeli ya baba
akachapwa kwa ajili yake.
Katikati unamsikia akikohoa.

Kaka yangu hakuwahi kuharakisha kitu.
Alikula taratibu mpaka tukamlia mboga.
Aliaga taratibu, kila mtu na jina lake.
Hata usiku ule tulipoambiwa kimbieni,
yeye alirudi kufunga mlango.

Jumamosi, Layibi. Spika zimepandana kama matofali.
Nimeweka karai langu karibu na lango la arusi.
Nyeko akabonyeza.

Mia na themanini kwa dakika!
Kibuyu kikamwagika kama mvua ya mawe juu ya bati,
mabega ya mafundi wa gereji yakatangulia,
miguu ikafuata ikilalamika,
bibi arusi akavua viatu
akavishika mkononi kama samaki wawili.

Ndipo nikasikia kikohozi.
Hakukifuta, mshenzi yule.
Kimepashwa kasi, kimekuwa chembamba, cha mtoto,
na kila kinaporudi
watu mia tatu wanaruka.

Mafuta yalinirukia kwenye kiganja, sikukitoa.
Nilitaka kusema, polepole, Oyat.
Mdomo ukasema kingine:
hivyo hivyo. Hivyo hivyo. Mlango uache.

Mtu akanigusa bega.
Mama, ya mia tano. Pilipili usiweke.