Kadi Iko Kwenye Fundo

Mheshimiwa, nakuandikia nikiwa na glavu moja,
ya pili imechanika na boksi limeisha.
Hapa kambi ya kipindupindu, mwaloni Kome,
Minza wa kitanda cha nne kafungua fundo la kanga:
nauli ya kivuko, ufunguo, kadi ya mpigakura.
"Sista, si ndiyo leo?"
Ndiyo leo.
Alikuja kuanika dagaa; kituo chake kiko Sengerema,
na dripu haipandi kivuko.

Hebu niambie:
dagaa wa hapa hufika Kongo,
barua ya mkopo imemfuata mpaka kitandani,
karatasi ya kura ndiyo isiyojua njia?

Tungeni sheria yenye miguu.
Kura imfuate mgonjwa kwa bahasha ya lakiri,
irudi posta kabla ya kuhesabu.
Na kwenye mkoba huohuo tieni klorini,
choo cha mwalo,
bomba lisilokohoa hewa.
Aliyekunywa ziwa bichi
ana neno kuhusu maji.

Saa kumi jioni, vituo vimefungwa.
Minza amelifunga tena fundo lake, mara mbili,
akageukia turubai.
Mimi nimekwenda kuosha ndoo.