Vidole Vinne, Limbani

Umeme umerudi Wete,
feni inakohoa, nami nafungua kazi ya jana:
mistari kumi na minne ya mabomba,
kila mmoja ni foleni ya nukta
tulizozipima kwa miguu, mie na Shaame,
kutoka kisima cha Kipangani hadi Limbani,
viatu vimelowa, mbwa wawili nyuma yetu.

Naita maktaba. Si ile ya vumbi na rafu;
hii ni ya maneno ambayo mtu mwingine, mbali,
ameshayaandika ili mie nisiumie kichwa.
Inaipokea mistari yangu yote kwa mkono mmoja.
Inaihesabu kuanzia sifuri.
Naiuliza urefu: inajumlisha, inajibu,
kilomita mbili, mita mia tatu na kumi na moja,
bila kuuliza kama maji yanapita.

Hapo ndipo kosa langu.
Niliona jina moja, nikadhani kitu kimoja.
Lakini kukusanywa si kuunganishwa;
sisi watu wa visiwa hatuhitaji kuelezwa hilo mara mbili.
Mwalimu wetu wa fasihi, pale Utaani, alikuwa akigonga ubao:
mishororo minne yenye vina vyake ni ubeti,
mishororo minne mitupu
ni mishororo minne mitupu.

Basi naamuru: ungeni.
Maktaba inapita ncha kwa ncha.
Ncha iliyokutana na mwenziwe inaacha kuwa ncha,
inakuwa njia.
Mstari uliochorwa kinyume inaugeuza, haiulaumu.
Kumi na minne inakuwa saba, inakuwa minne,
inakuwa mitatu. Inasimama.

Mitatu? Nilitaka mmoja.

Nakuza picha mpaka nyumba zinapotea,
mpaka njia ya Limbani imebaki weupe mtupu,
na hapo naiona: mstari wa tano na wa sita
imetazamana kama majirani wasiosemezana,
baina yao sentimita saba.
Vidole vinne.

"Legeza kipimo," asema Nassor, macho yako kwenye chai.
"Iambie chochote kilicho ndani ya nusu mita kishikane.
Ripoti inatakiwa saa nane."
Na kweli, ni neno moja na nambari moja.
Nimeshaandika. Kidole kiko juu ya kitufe.

Sikubonyeza. Labda ni kwa lile jina
lililoandikwa kwa penseli mwishoni mwa mstari wa sita:
Bi Mize Asaa, mita haisomi.

Shaame alichimba nyuma ya banda la kuku
huku akiapa kwamba pale aliunga kwa mikono yake.
Udongo mwekundu, mizizi ya mpapai, kisha bomba,
na mdomo wake umefungwa mfuko wa plastiki
kwa kipande cha tyubu ya baiskeli.
Mbele yake udongo, vidole vinne,
halafu mdomo mwingine, umefungwa vivyo hivyo.
Shaame akanyamaza. Akakumbuka:
ilikuja habari ya msiba wa nduguye, akaacha jembe,
akasema atarudi kesho.

Bi Mize alikuwa kasimama na ndoo aliyoijaza kwa jirani.
"Miaka mitatu," akasema, "nami nadhani maji yamenichukia."

Leo nimerudi kwenye mistari.
Nimeongeza kipande kifupi kuliko vyote,
nukta mbili tu. Kina urefu wake, kina nambari yake,
kumi na nne, kwa kuwa tumeanzia sifuri.
Naamuru tena: ungeni.

Miwili.

Upo bado mstari wa tisa,
unaoanzia chini ya skuli ya zamani na kuishia kichakani,
haugusi kitu, hakuna anayejua nani aliulaza.
Nassor anasema nifute, nipate moja yangu.
Nimeuacha ndani ya mkusanyo,
mita zake arubaini na mbili zimo kwenye jumla.
Shaame kasema Jumamosi nije na viatu vibovu.
Jembe analo.