Sibebi Kitu

Kijana wa mazoezi tiba ananiuliza, "Kazini unabeba nini?"
Sibebi kitu, namjibu. Mimi ni wa ofisini, Mtumba,
ghorofa ya tatu, dirisha linatazama vumbi.
Anabonyeza chini ya kisogo, kwa kidole gumba tu,
na machozi yananitoka bila kuomba ruhusa.
"Haya ni mawe, dada. Hii si misuli."

Mwezi wa tano randama zimerudi na wino mwekundu.
Shilingi elfu nne zimepotea katikati ya mabilioni
nami nazitafuta, pua karibu na kioo,
mgongo mundu,
juu ya kiti kisicho na gurudumu moja,
nimekitegemeza kwa daftari la mahudhurio la mwaka juzi.

Viatu vya Bwana Chilongani vikilia koridoni
bega langu la kushoto hupanda lenyewe, lifuate sikio.
Akishapita, husahau kushuka.
Saa tatu lilipanda, saa tisa liko huko huko,
jioni nalipeleka Ipagala hivyo hivyo,
nalo napikia, nalo nafulia sare za watoto.

Usiku: *Naomba iwe mezani asubuhi.*
Yoeli ananiamsha. "Unatafuna nini usingizini?"
Natafuna Matumizi Mengineyo, mume wangu. Lala.

Foibe wa masijala mkono unamfa ganzi, anasaini kwa wa kushoto.
Hatusemi. Tunapakana dawa ya kuchua chooni,
tunarudi mezani tukinukia kama timu ya mpira.

Mama, kule Hombolo, alitwika ndoo toka bwawani,
lita ishirini, mpando wote, shingo wima,
akigeuka kunigombeza bila kumwaga tone.
Akifika, anatua.
Anasema *hee*,
na shingo inakuwa yake tena.
Wangu mimi
nitautua wapi, na hata kata sina kichwani?

"Shusha mabega."
Nimeshusha.
"Bado."
Nimeshusha, bwana!
Akaweka viganja vyake juu, hakukandamiza, akangoja tu,
yakashuka vidole viwili,
mahali ambapo sikujua kama pangali pangu.

Ndipo mkobani simu ikatetemeka.
Hakuna aliyesema neno.
Tuliliona bega, mimi na yeye, kwenye kioo cha ukutani,
likipanda.