Wa Kwenda na Kurudi

Langoni wametufunga tepe za rangi mbili:
bluu kwa wenye kulala,
njano kwa sisi wa kwenda na kurudi.
Mlinzi akaubana wangu hadi mshipa ukalalamika.
"Huu hautoki, dada, mpaka ukatwe."
Nami nina unga wa kukanda Kibokoni,
na unga hautazami rangi ya mkono.

Swabrina na Kadzo wamelipia hema,
hema la watu wawili, na zipu yake, na mbu wake,
hatua ishirini kutoka kwenye spika.
Wananicheka:
"Shoga, tamasha gani hili la kuaga saa nne?
Umekuja ngomani au umekuja matangani?"

Sikuwajibu. Ningewajibu nini?
Saa kumi na moja alfajiri Bwana Shee yuko mlangoni,
kuli wa zamu ya kwanza, bakuli mkononi,
na deni la juzi hulitaja yeye kabla sijalitaja mimi,
ili lisiwe na makali.

Basi Ijumaa nikaondoka
mpiga gambusi ndiyo kwanza anakaza nyuzi.
Nikateremka gati la Likoni na walinzi, na wauguzi,
na kijana aliyejitwisha gurudumu la tuktuk
kama anayempeleka mgonjwa.
Kipaza sauti kikatuomba utaratibu.
Miguu elfu ikashuka juu ya chuma
kwa pigo ambalo hakuna aliyelifanyia mazoezi.

Katikati ya maji sauti ikanifikia,
gambusi, nusu ya ubeti;
nusu ya pili upepo uliipeleka Kilindini
kusikilizwa na makontena.
Injini ya feri ikajazia palipokatika.
Nikaumalizia wimbo mwenyewe, kimoyomoyo,
mpaka mlangoni kwangu,
ufunguo ukaingia kwenye kituo chake.

Jumamosi nikakanda mapema, nikafunika, nikavuka.
Huku nacheza, kule unaumuka,
peke yake, gizani, chini ya kitambaa,
na kila ngoma ilipopanda
nilijua sufuria nayo inapanda.
Sijawahi kumwambia mtu hili.

Kisha mvua.
Siyo ya kutangazwa; ilianguka tu, kama sinia.
Mimi nilikuwa kwenye feri, chini ya bati,
naona taa za jukwaani zikizimika moja moja ng'ambo.

Jumapili asubuhi mlango ukagongwa:
Swabrina na kiatu kimoja,
Kadzo amekumbatia godoro linalotiririka maji.
Hakuna aliyetaja matanga.
Walikula mahamri kumi na moja (nilihesabu),
mbaazi wakakombeleza, wakaanguka kitandani mwangu
na tepe zao za bluu zikining'inia nje ya chandarua.
Jioni nikawaamsha. Kadzo alifungua jicho moja:
"Nenda utuletee habari."

Nikaenda peke yangu. Nikakaa hadi mwisho.
Nikausikia ule wimbo wote,
nusu iliyokuwa imenipotea,
mzuri, umesukwa vizuri, watu wakapiga vigelegele.
Lakini wallahi,
wangu wa feri ulikuwa mtamu zaidi.

Nikavuka saa tisa usiku, nikaingia jikoni na mchanga miguuni.
Iliki kwenye kinu, mafuta kwenye karai,
wawili wale wanakoroma kwa kupokezana.
Unga ukagoma kidogo.
Utepe umeshageuka rangi ya unga na mafuta,
si njano wala si kitu.

Bwana Shee akaonja akiwa amesimama.
"Leo hayakuumuka sawasawa."
Halafu akauona mkono wangu.
"Huo ni wa hospitali?"

Nilikuwa nimechoka. Nikasema ndiyo.

Akanipa pole, sauti ya chini.
Akalipa ya leo,
akalipa na la juzi.